Mringaringa Njia ya Kasulu

Penye mti wa kwenu si ugenini.

Mmemsikia mjomba wenu akimwambia Leokadia maneno hayo mezani, na nimeona jinsi mlivyotazamana. Leokadia mwenyewe amekuja huku jikoni akanuna. "Bibi, mimi naenda Mtwara kusomea uuguzi. Siendi msituni. Habari za miti zinanihusu nini?" Haya, kaeni. Mwenye kuweza kuchambua maharage achambue, asiyeweza asikilize. Msemo huo haukushuka na mvua. Una watu wake, na mmoja wao alinifundisha kusoma. Alinisimulia yeye mwenyewe, mara nyingi, nikimsuka nywele siku za Jumamosi, kwa hiyo ninayowaambia nimeyasikia kwenye kinywa chake. Chanzo chake ni hiki.

Zamani, miaka michache baada ya Uhuru, huko Upare, kwenye milima iliyo juu ya Mwanga, aliishi mchonga mizinga wa nyuki aliyeitwa Senkondo. Alikuwa mfupi, mpole, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili wake ulivyodai. Mizinga yake aliichonga kwa gogo la mringaringa. Ninyi mnaujua mti huo kwa jina letu la hapa, lakini huko kwao wanauita mringaringa: majani mapana, yenye kukwaruza kama ulimi wa ng'ombe, na maua meupe ambayo nyuki huyapenda mno. Kwa Mzee Senkondo ulikuwepo mmoja mlangoni, mmoja nyuma ya zizi, na mingine imetawanyika katikati ya migomba na kahawa.

Mke wake alifariki akamwacha na binti mmoja, Nakijwa. Kisha macho yake yakaanza kuingia ukungu. Mwanzoni aliona watu kama vivuli, halafu hata vivuli vikaondoka. Lakini hakuacha kuchonga. Alisema mikono yake imeujua mringaringa kabla macho hayajaujua, na ni kweli, mizinga aliyoichonga akiwa kipofu haikupishana na ile ya zamani. Akitoka nje alikwenda mti kwa mti bila fimbo. Mti wa mlangoni ulimwambia amefika nyumbani, wa zizini ulimwambia ageuke kushoto. Mgeni angeweza kukaa naye mchana mzima asijue kwamba mwenyeji wake haoni.

Nakijwa alisoma, akaenda chuo cha ualimu, akafaulu. Serikali siku hizo ilikuwa inawatawanya walimu nchi nzima, wa kaskazini aende kusini, wa pwani aende bara. Nakijwa akapangiwa Kasulu, huku kwetu Buha. Alipowauliza watu Kasulu ni wapi, mmoja alimwambia, "Panda treni mpaka reli iishe, halafu endelea."

Sasa baba je? Ndugu walikaa kikao. Wengi walisema mzee abaki kwa mpwa wake, kijana mwema tu, mwenye nyumba karibu. Mzee mwenyewe alisema hivyo hivyo. "Mimi hapa nina miti yangu," alisema. "Huko nitakuwa gunia. Mtu ataniweka asubuhi na kuniondoa jioni."

Nakijwa akakataa. "Nikikuacha sitapata usingizi, baba. Twende wote."

Alikataa asubuhi, akakataa mchana, mpaka mzee akachoka. Siku ya kuondoka alimwita mpwa wake akamkabidhi tezo lake na patasi zake zote. "Chukua," alisema. "Huko niendako sitakuwa na la kuchonga." Nakijwa alisikia maneno hayo akajifanya anafunga mzigo.

Wakateremka mlima, wakapanda treni. Nakijwa alimkalisha baba yake dirishani ili apate upepo, na treni ilipochukua mwendo mzee akauliza, "Kuna mti gani hapo?"

Hilo ndilo lililokuwa swali lake. Hakuuliza stesheni, wala hakuuliza saa. "Hapo kuna mkonge, baba, mashamba kwa mashamba." Akaitikia kwa kichwa, mkonge aliujua. "Na sasa?" "Sasa kuna minazi." Minazi hakuijali sana. "Na sasa?" "Mkuyu, baba, mkubwa, umeinamia mto." Hapo alitabasamu. "Mkuyu! Basi watu wa hapo hawana shida ya maji." Akawa na furaha kidogo, kama mtu aliyeona jirani yake kwenye gulio la mbali.

Wakabadilisha treni pale reli ya kwao inapokutana na reli ya Kati, wakaelekea magharibi. Morogoro ikapita na milima yake. Baada ya hapo nchi ikaanza kukauka. Nakijwa hakuwahi kuona nchi ya namna ile: ardhi nyekundu, vichaka vya miiba, mbuzi wamesimama pasipo majani. Mzee akauliza, "Kuna mti gani hapo?" Akajibu, "Siujui, baba." Akauliza tena. "Huo nao siujui." Kila alipojibu hivyo mzee alizidi kujikunja kwenye koti lake. Chakula akakataa. Mwisho akauliza kwa sauti ndogo, "Mringaringa je? Haupo hata mmoja?"

Nakijwa akatazama nje. Palikuwa na miiba tu, mpaka mbingu ilipogusana na ardhi.

"Upo, baba," alisema. "Ule pale. Umechanua."

Mzee akanyoosha mgongo. "Umechanua! Mapema hivi?"

"Ndiyo. Meupe kabisa."

Mbele yao alikuwa amekaa mama mmoja wa Kigogo, amempakata kuku. Alitazama dirishani, akamtazama Nakijwa. Alikata kipande cha muhogo wa kuchemsha akamwekea mzee mkononi, na mzee akala.

Kwa hiyo Nakijwa akaendelea. Baba alipouliza, alitaja. Hapa mringaringa, pale mshai umetandaza matawi, kule mringaringa mwingine una mzinga juu yake. Alipanda miti ya Upare kuanzia Dodoma hadi Manyoni, Manyoni hadi Itigi, kwa mdomo wake tu. Aliniambia moyo ulikuwa unamsuta kila alipofungua kinywa, lakini akimwona baba yake ametulia alisema, heri moyo wangu usutwe.

Treni ikafika Tabora. Hapo husimama kwa muda mrefu, maana mabehewa hukatwa, mengine yaende Mwanza na mengine Kigoma. Mzee akasema, "Mama, nina kiu ya chai. Nenda ukanitafutie. Usikimbie, treni bado ipo."

Nakijwa akashuka. Alipata mama ntilie nje ya stesheni, akasubiri chai ichemke, akarudi ameshika kikombe kwa mikono miwili kisimwagike. Alipofika kwenye behewa kiti cha dirishani kilikuwa kitupu. Mizigo ipo, blanketi lipo. Koti na fimbo yake ya safari havipo.

"Baba yangu yuko wapi?" aliwauliza abiria. Mmoja alidhani amekwenda msalani. Mwingine alisema amemwona akishuka, akiwa ameshikwa mkono na mchukuzi.

Kikombe kikamponyoka. Akashuka akikimbia, akiita, akiwapita wauza karanga na wanajeshi na watoto waliolala juu ya matandiko. Filimbi ya kwanza ikapigwa. Akageuka akakimbia upande wa pili, na huko mwisho kabisa wa jukwaa, nyuma ya magunia, akamwona. Amekaa kwenye benchi, fimbo katikati ya magoti, uso ameuelekeza ukutani kwa kutojua treni iko upande gani.

"Baba!"

Mzee alishtuka. "Ulikuwa urudi baada ya treni kuondoka," alisema. "Hapana. Nasema vibaya. Nilitaka wewe uondoke nayo. Ungedhani nimo behewa la nyuma, mpaka ufike mbali."

"Unafanya nini hapa?"

"Nakupumzisha. Hapa kuna wamisionari, nimeuliza. Hawawezi kumwacha kipofu afe njaa. Watanirudisha kwetu polepole. Wewe nenda kwenye kazi yako."

"Nimekukosea nini, baba?"

"Mringaringa wa Dodoma," alisema.

Nakijwa akaegemea magunia.

"Mimi sioni, mama, lakini nina pua. Upepo wa Dodoma ulikuwa vumbi na mbuzi. Mringaringa ukichanua harufu yake hainipiti, na nyuki wake hawanipiti. Hapakuwa na mringaringa. Hapakuwa na mshai. Nilijua tangu ule wa kwanza."

"Mbona hukunikataza?"

"Kwa sababu kila ulipotaja mti nilikaa kivulini mwake." Aliinamisha kichwa. "Nilikaa, nikapumzika. Kisha nikawaza: mtoto huyu hajawahi kunidanganya maishani mwake, leo anadanganya kutwa nzima kwa ajili yangu. Kesho atakataa posa kwa ajili yangu. Keshokutwa ataacha kazi. Nikasema, hapa Tabora panatosha."

Filimbi ya pili ikapigwa. Watu wakaanza kurukia mabehewa. Nakijwa akapiga magoti kwenye saruji, akamshika baba yake mikono yote miwili, na sasa alikuwa analia wazi, bila kujali nani anamtazama.

"Baba, nisikilize. Nilikuambia nakuchukua kwa sababu sitapata usingizi nikikuwazia. Huo nao ulikuwa uongo. Mimi ndiye ninayeogopa. Sijawahi kusimama mbele ya darasa peke yangu. Lugha yao siijui, chakula chao sikijui. Tangu tupite Morogoro natazama nje na mimi pia sioni mti ninaoujua hata mmoja. Sikukuchukua ili nikulee. Nimekuchukua ili niwe na mtu wangu. Ukibaki hapa, mimi pia nabaki, na wale watoto wa Kasulu watatafutiwa mwalimu mwingine."

Mzee Senkondo aligeuza uso kuelekea sauti ile. "Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Mbona hukusema tangu nyumbani?"

"Nilidhani mtu mzima hasemi hivyo."

"Watu wazima ndio tunaoogopa," alisema mzee, na akasimama. "Nishike. Iko wapi hiyo treni? Twende, itatuacha!"

Walikimbia, kipofu na binti yake, na treni imeshaanza kusota. Mama wa Kigogo alikuwa mlangoni amemwachia mtu kuku wake, akipiga kelele, "Huku! Huku!" Mikono ikamshika mzee makwapani ikamvuta juu kama mzigo wa pamba, na Nakijwa akarukia nyuma yake. Walipokaa, wote wawili wakihema, mzee alisema, "Kuanzia sasa niambie kilichopo tu. Kama hakuna tunaoujua, sema hakuna, halafu niambie huo uliopo ukoje."

"Sawa, baba."

"Na ukiogopa, sema."

"Sawa."

Basi njia iliyobaki walikwenda hivyo. "Hakuna tunaoujua, baba. Huu una magome meusi yaliyopasuka, majani mekundu machanga." Mzee aliuliza abiria, na abiria wa Kinyamwezi akamwambia ni miti ya miombo, ambayo ukiuona mmoja umeiona njia nzima, na asali yake ni nzuri. "Asali?" aliuliza mzee. Wakazungumza habari za nyuki mpaka abiria yule aliposhuka.

Reli ikaisha Kigoma. Wakalala kwa mlinzi wa kanisa, na asubuhi wakapata lori lililokuwa linapeleka chumvi Kasulu. Dereva alikuwa mtu wa Ujiji aitwaye Sadala, mnene, mcheshi, asiyependa kusimama njiani. Aliwapa nafasi mbele, mzee akakaa katikati, Nakijwa dirishani. Lori likaanza kupanda milima.

Ninyi mnaijua njia ile. Ukishapanda kidogo joto linabaki nyuma, hewa inakuwa nyepesi, migomba inaanza. Nakijwa aliona migomba akasema, "Migomba, baba." "Naisikia," alisema mzee. "Majani yake yanapiga makofi." Wakapita bonde. Na walipotoka bondeni, kwenye kona, Nakijwa akaona kitu kilichomfanya ashike mlango wa gari.

Mti ulisimama juu ya ukingo wa barabara, majani mapana, kichwa chote cheupe kwa maua.

Alifungua kinywa. Akakifunga. Angesema nini? Neno hilo alikuwa amekwisha litumia. Alikuwa amelitumia Dodoma penye miiba, Manyoni penye vumbi. Limechakaa, halina tena kitu ndani yake. Kona iliyofuata akaona mwingine. Kisha mitatu pamoja, shambani, katikati ya kahawa, kama alivyoiacha kwao. Machozi yalimtoka, na mzee karibu yake alikaa tu, mikono juu ya fimbo, hajui anapita katikati ya nini. Maana moshi wa lori na chumvi na mafuta vilikuwa vimeifunika kila harufu.

"Simamisha gari," Nakijwa alisema.

Sadala akakanyaga breki nusu. "Kuna nini? Mzee anaumwa?"

"Hapana. Nataka tushuke kidogo. Kuna mti."

"Mti!" Sadala alimtazama kana kwamba amesema kuna tembo kwenye magurudumu. "Mwalimu, nimebeba chumvi. Yale mawingu unayaona? Mvua ikinikuta hapa tutauza maji ya bahari."

"Tafadhali, kaka. Kidogo tu."

Sadala alimtazama usoni, akaona yale machozi. Akanung'unika kwa Kiswahili cha Ujiji maneno ambayo mwalimu hakuwahi kuniambia, lakini akasimama, akazima injini.

Nakijwa alimteremsha baba yake, akamshika mkono, akampandisha ukingo. "Tunakwenda wapi?" mzee aliuliza. "Njoo tu, baba." "Kuna nini?" "Njoo." Akauchukua ule mkono mkubwa, akaufungua vidole, akauweka kwenye shina.

Mzee alisimama. Mkono haukutikisika mwanzoni. Kisha ukaanza kwenda, polepole, ukifuata mipasuko ya gome, ukapanda, ukashuka, ukazunguka. Akaangusha fimbo akaweka na mkono wa pili. Akainama akapapasa chini mpaka akapata jani, akalipitishia kidole gumba juu, pale panapokwaruza. Injini imezimwa, na juu yao nyuki walikuwa wengi, kelele yao kama chungu kinachotokota. Ua moja likamwangukia begani.

"Nakijwa," alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika. "Uliuona lini?"

"Tangu bondeni. Imejaa njia nzima, baba."

"Na ukanyamaza?"

"Ungeniamini?"

Mzee Senkondo akacheka. Alicheka mpaka akaegemea shina, kicheko ambacho Nakijwa hakukisikia tangu mama yake alipokuwa hai, na akiwa bado anacheka akaweka shavu lake kwenye gome akatulia hapo.

Ndipo sauti ikatoka kwenye migomba. "We mzee! Toa mikono kwenye mti wangu!"

Alikuwa Mzee Rusimbi, mwenye shamba, ameshika panga. Ninyi hamkumkuta, alikuwa mrefu, mkali wa kusema. Aliteremka haraka. "Nawajua ninyi watu wa malori," alisema. "Mwaka jana wenzenu walisimama hapo hapo, wakaupapasa mmoja hivyo hivyo, wakausifu. Niliporudi kutoka gulioni nilikuta kisiki. Ondokeni!"

Nakijwa aliogopa, akasogea mbele ya baba yake. Lakini mzee akamweka kando kwa mkono.

"Sijaja kuukata, ndugu yangu," alisema. "Naomba radhi sikubisha hodi. Nilikuwa nausalimia."

"Unausalimia mti?"

"Nimetoka Upare. Siku zote hizi njiani sijakutana na ninayemjua. Huyu ndiye wa kwanza."

Rusimbi akatazama vizuri, akayaona yale macho. Panga likashuka. "Huoni?"

"Sioni. Lakini huu ni mringaringa."

"Ni mvugangoma," alisema Rusimbi.

"Sisi tunaita mringaringa."

"Mringa..." Rusimbi alijaribu, ulimi ukamkwama, akacheka puani. "Huko kwenu mnaufanyia nini?"

"Mizinga ya nyuki. Nimechonga maisha yangu yote. Ninyi?"

"Ngoma. Ngoma zote unazozisikia nchi hii zimetoka kwenye tumbo lake. Ndiyo maana tukauita jina hilo. Mimi mwenyewe nachonga, na baba yangu alichonga." Akasogea, akaupiga mti kwa kiganja kama mtu anayempiga rafiki mgongoni. Mzee Senkondo naye akaupiga upande wake. Wakasikilizana hivyo kidogo, wazee wawili na mti katikati, kisha Rusimbi akasema, kwa adabu sasa, "Basi karibuni. Mke wangu ana ndizi jikoni. Karibuni, wageni."

"Tunashukuru," alisema Mzee Senkondo. "Lakini usituite wageni. Penye mti wa kwetu si ugenini."

Sadala alikuwa ameshuka kuja kuwahimiza. Aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama na ufunguo mkononi, na hakuwahimiza tena. Wote walikula ndizi kwa Rusimbi, mvua ikanyesha, na turubai la lori likavuja. Magunia mawili ya chumvi yakalowa. Sadala alisimulia hasara hiyo miaka yote aliyoendesha, kila alikosimama, Kigoma, Uvinza, Kibondo, na kila mara alimalizia kwa maneno ya yule kipofu. Madereva wengine wakayachukua, wakayasema vilevile, ila walibadilisha kidogo: badala ya kwetu wakasema kwenu. Hivyo ndivyo yalivyotembea mpaka yakawa ya watu wote.

Shule aliyopangiwa Nakijwa ilikuwa mbele kidogo ya shamba lile, hii hii mliyosoma ninyi, wakati huo ikiwa na paa la nyasi. Siku ya kwanza aliingia darasani. Watoto tulikuwa tumejaa sakafuni, Kiswahili tunakijua cha kuombea maji tu. Alisema, sisi tukamkodolea. Alisema tena, tukamkodolea. Nilidhani atalia. Halafu akatutoa nje, akatupeleka kwenye mti, akaweka mkono juu yake, akatutazama akiwa ameinua nyusi. Mtu akapaza sauti, "Mvugangoma!" Akalirudia vibaya, tukaangua kicheko. Akatufundisha kusema mti, jani, ua, nyuki. Tukamfundisha na yeye. Kuanzia hapo ilikuwa rahisi.

Na baba yake? Juma halikuisha kabla Mzee Rusimbi hajaja na gogo begani na tezo mkononi. "Mti ulianguka wenyewe," alisema, "na ngoma ninazo za kutosha. Nionyeshe huo mzinga wa kwenu." Walikaa nje ya nyumba ya mwalimu wakabishana kutwa, huyu akisema kata hivi, huyu akisema la, kata hivi. Mzinga wa kwanza ulitoka kama kitu kisicho mzinga wala ngoma. Nyuki waliingia hivyo hivyo. Baadaye mzee alijifunza njia mpaka kwa Rusimbi, mti kwa mti, bila kushikwa mkono, na sisi watoto tulikuwa tunamfuata nyuma kwa kunyata tukidhani hatusikii.

Mwalimu Nakijwa aliolewa hapa hapa, na baba yake ndiye aliyepokea mahari. Mpwa wake wa Upare alifunga safari siku moja kuja kumchukua, akisema si vizuri mzee kuzeekea ugenini. Mzee Senkondo alimkaribisha vizuri, akamlisha asali, akamtembeza shambani kwa Rusimbi huku akimwonyesha kila mti kwa fimbo kama mwenye macho. Kijana alikaa, akatazama, halafu akaenda zake peke yake, ameridhika. Mzee aliishi miaka mingi baada ya hapo. Alipokufa, Rusimbi, ambaye naye alikuwa hajiwezi tena, aliomba abebwe mpaka msibani, akapiga ngoma kwa mkono mmoja.

Watu huchukua msemo huu kwa wepesi. Humwambia msafiri ili kumfurahisha, kama mjomba wenu alivyofanya pale mezani. Lakini mwalimu alipokuwa ananisimulia alinisisitizia kwamba mti huo hautungwi na mdomo. Yeye alijaribu, akaona. Wala hautakufuata kwenye treni. Wewe ndiye unayeshuka garini, unapanda ukingo, unaweka mkono wako, hata kama mwenyewe anakuja na panga. Unaweza kuwa mti kweli. Unaweza kuwa mboga unayoijua sokoni, au mtu anayecheka kama shangazi yako, au mgonjwa kitandani anayeogopa kama unavyoogopa wewe. Ukishauona, usiupite. Usalimie, na umwambie mwenye shamba umetoka wapi. Ndivyo alivyofanya kipofu wa Upare siku ile, na ndiyo maana mpaka leo huku kwetu tunasema: penye mti wa kwenu si ugenini.